Barua ya wazi kwa wanaofundisha vijana wetu urubani: kando ya shairi, bandikeni na taarifa ya ajali

Waheshimiwa,

Nawaandikia ninyi mnaoongoza vyuo vya urubani, mamlaka za usafiri wa anga na majeshi ya anga katika nchi zetu za Afrika Mashariki. Mimi ni fundi wa ndege mstaafu. Nimelea familia kwa spana, na baadhi ya marubani mnaojivunia leo niliwahi kuwafokea kwenye hangaa, banda la kutengenezea ndege, wasikatize mbele ya rafadha, yaani pangaboi la ndege. Ndege sijawahi kurusha. Kwa hiyo yale ya angani nitawaachia wenyewe. Nitasema ya ukutani.

Kwenye kuta za vyuo vya urubani, huko ughaibuni na hapa kwetu pia, hutundikwa shairi moja la Kiingereza lenye mistari 14. Liliandikwa na John Gillespie Magee, rubani wa Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza, katika Vita vya Pili vya Dunia. Husomwa kwenye mahafali na husomwa kaburini rubani anapozikwa. Rais Ronald Reagan alichukua maneno yake kuhitimisha hotuba ya Januari 28, 1986, siku ile chombo cha anga za juu cha Marekani, Challenger, kilipovunjika angani na watu saba ndani yake. Ni shairi tamu, la kijana aliyelewa anga, wala sina ugomvi nalo. Lakini waulizeni wanafunzi wenu, hata wale walioliweka moyoni neno kwa neno: huyu Magee aliishia wapi? Mimi nimewauliza wengi. Jibu huwa lile lile, kwamba alitunguliwa na Wajerumani.

Hakutunguliwa na mtu. Alikufa mazoezini, saa tano na nusu asubuhi, juu ya mashamba ya Uingereza, kwa kugongana na ndege ya mwanafunzi. Ombi langu ni kwamba palipo na shairi lake, paandikwe na hilo.

Vumilieni kidogo nieleze, maana kisa chenyewe kina mafunzo kuliko shairi. Magee alizaliwa Shanghai mwaka 1922, baba Mmarekani, kasisi mmisionari, na mama Mwingereza. Alisoma shule ya bweni iitwayo Rugby huko Uingereza. Mwaka 1939 vita vikamkuta yuko Marekani, njia ya kurudi shuleni ikafungwa. Mwaka uliofuata akapata ufadhili wa kusoma Chuo Kikuu cha Yale. Akauacha. Marekani ilikuwa haijaingia vitani, basi akavuka mpaka na Oktoba 1940 akajiandikisha katika Jeshi la Anga la Kanada. Juni 1941 akavishwa beji ya mabawa ya rubani aliyehitimu. Akapelekwa Wales kuzoea Spitfire, kisha akapangiwa Kikosi Namba 412 katika jimbo la Lincolnshire. Septemba 3 aliwaandikia wazazi wake barua, na shairi akalinukuu humo kama mtoto anayewatumia wazee picha. Kutoka siku aliyojiandikisha mpaka hapo haujatimia mwaka mmoja. Mwaka, waheshimiwa! Kijana hajui hata kupiga gia, unampa Spitfire na injini yake ya Merlin yenye nguvu za farasi zaidi ya 1,000 na kumwambia aende.

Desemba 11, 1941. Magee na wenzake waliruka kutoka uwanja mdogo wa Wellingore kufanya mazoezi ya mbinu za mapigano. Wakati wa kurudi wakaona upenyo kwenye mawingu, wakashuka kwa kasi, Spitfire nne zimefuatana mstari mmoja. Kila aliye nyuma macho yake yako kwenye mkia wa aliye mbele. Ndivyo mpangilio huo unavyodai, ukitazama kando unamgonga mwenzako. Ongeza na pua ya Spitfire, ambayo ni ndefu na inaziba sehemu kubwa ya mbele na chini. Chini ya wingu, mahali paitwapo Roxholme, palikuwa na Oxford, ndege ya mafunzo yenye injini mbili, iliyotoka chuo cha Cranwell kilicho jirani kabisa. Ndani yake alikuwa mwanafunzi peke yake.

Waligongana kwenye urefu wa takriban mita 430, mara tu wingu lilipoishia. Mkulima mmoja aliyeshuhudia aliiambia tume ya uchunguzi kwamba alimwona rubani wa Spitfire akihangaika kusukuma kifuniko cha kioo. Mimi kama fundi naelewa hapo. Kile kifuniko huteleza kwenda nyuma juu ya reli zake, na ndege ikiwa kwenye kasi kubwa upepo hukibana, huku mtu amefungwa mikanda, ndege inajizungusha, na mita 430 huisha kwa sekunde unazoweza kuzihesabu kwa vidole. Magee alifanikiwa. Kifuniko kilifunguka, akasimama, akaruka. Ardhi ilikuwa karibu mno, mwavuli haukupata nafasi ya kufunguka. Alikuwa na miaka 19. Siku hiyo hiyo nchi ya baba yake na Ujerumani zilitangaziana vita. Angesubiri mwaka mmoja na miezi michache tu, angekwenda na jeshi la kwao.

Na yule wa kwenye Oxford? Aliitwa Ernest Aubrey Griffin, naye alikuwa na miaka 19, naye alikufa. Hakuandika shairi. Nimehudhuria mahafali mengi na sijasikia jina lake likitamkwa, ilhali yeye ndiye anayefanana zaidi na watoto waliokaa mbele yenu siku hiyo: mwanafunzi, hajahitimu, yuko peke yake kwenye ndege ya chuo. Ukiniuliza nani kati ya wawili hawa awekwe ukutani kwenye chuo cha urubani, nitakujibu Griffin, ila najua sitashinda kura hiyo. Basi wekeni wote wawili.

Kuna usemi wetu mnaoupenda kwenye hotuba za rambirambi: ajali haina kinga. Naomba mnisamehe, lakini kwenye hangaa tulikuwa hatuukubali. Nati iliyofungwa bila waya wa kuizuia isilegee italegea, na ikilegea hatusemi haina kinga, tunauliza nani alisaini kitabu. Ajali ya Roxholme ilikuwa na kinga kadhaa. Lincolnshire ya mwaka 1941 ilijaa viwanja vya ndege vilivyokaribiana kama vituo vya daladala: Digby, Wellingore, Cranwell, Waddington, vyote ndani ya eneo ambalo mtu wa baiskeli angelimaliza kwa siku moja. Ndege za kivita zinazoshuka kwa kasi na wanafunzi wanaojifunza kunyoosha mstari walitumia anga ile ile, chini ya mawingu yale yale. Ukipanga mambo hivyo, huhitaji adui.

Wala si Magee na Griffin peke yao. Mpango mkubwa wa Kanada uliofundisha wanaanga wa Jumuiya ya Madola ulitoa wahitimu zaidi ya 130,000, na wanafunzi zaidi ya 850 walikufa kabla ya kumaliza. Katika kamandi ya Uingereza ya ndege za mabomu, waliokufa mafunzoni walizidi 5,000. Marekani ilipoteza takriban watu 15,000 wa jeshi lake la anga katika ajali ndani ya nchi yao wenyewe, ambako hakuna Mjerumani wala Mjapani aliyewafyatulia risasi. Sababu zilikuwa zile zile za kila siku: mawingu, uchovu, ndege zilizochoka kushinda wanafunzi, wakufunzi waliotolewa vitani bila kupumzika, na haraka, haraka, haraka.

Mtaniambia hayo ni ya wazungu na theluji yao. Basi twende Nakuru.

Mwaka 1941 Waingereza walikihamisha Kitengo Namba 70 cha mafunzo ya kivita kutoka Misri wakakileta Nakuru, mbali na mabomu, na kikakaa hapo mpaka 1943. Kingine, Namba 72, kilikuja kukaa Nanyuki, chini ya Mlima Kenya. Vijana kutoka Uingereza, Australia na nchi nyingine za himaya walifundishwa hapo kurusha ndege za mabomu kabla ya kupelekwa jangwani kaskazini. Nakuru walianza na Bristol Blenheim, ndege ya injini mbili na watu watatu: rubani, muongoza njia, na mtu wa redio ambaye ndiye pia mpiga bunduki.

Mimi ningependa mkufunzi asimame na wanafunzi pale Nakuru awaeleze Blenheim kwa utaratibu. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapo ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya sita kuliko ya Mombasa, na jua likipanda inazidi kuwa nyepesi. Bawa lile lile, mzigo ule ule, lakini linahitaji mbio ndefu zaidi ardhini ndipo liinue. Kijana aliyejifunzia kwenye tambarare za Uingereza mikono yake imezoea kitu kingine. Sasa tuseme injini moja inazimika ndege ikiwa ndiyo kwanza imeacha ardhi. Inavutwa upande, inataka kupinduka, na anayeishika hana urefu wa kuchezea. Katika Blenheim, vishikio vya kubadili pembe ya rafadha viliwekwa nyuma ya kiti cha rubani, kwa hiyo ilibidi avitafute kwa kupapasa, mkono umepinda nyuma, macho yako mbele. Aliyechora hivyo alikuwa ofisini. Waliolipa walikuwa na miaka 20.

Makaburi yao yapo. Wa Nakuru wamo katika makaburi ya Nakuru Kaskazini, na Nanyuki kuna makaburi ya vita yenye lango lake. Mawe ni ya aina moja, kama ilivyo kanuni ya tume ya Jumuiya ya Madola inayoyatunza: nembo ya jeshi la anga, namba ya utumishi, cheo, jina, tarehe, umri kama ulijulikana, na chini kabisa maneno ya familia kama yaliletwa. Ukikuta mawe matatu ya wanaanga yenye tarehe moja, usishangae. Nyasi zimekatwa vizuri, hilo nalikubali bila kinyongo. Lakini jiwe halisemi mtu alikufaje. Tume ile humhesabu kila aliyekufa akiwa jeshini, awe alipigwa risasi, aliugua malaria au aliangusha ndege ya mafunzo, na nadhani walifanya vizuri, maana kwa mama aliyepokea simu ya maandishi hakuna tofauti. Kasoro ni kwamba mgeni anapita pale na kutoka akiamini amepita kwenye makaburi ya mapigano, na mwanafunzi wa urubani wa Nairobi au Soroti hajui kabisa kwamba wanafunzi wenzake wamelala pale.

Nikiwa hapo hapo niseme jambo lingine, japo linatoka kidogo nje ya barua. Mpaka Oktoba 1939 kanuni za Uingereza zilitaka afisa wa jeshi la anga awe na asili ya Kizungu tupu. Kanuni hiyo ikalegezwa kwa muda wa vita, na Waafrika na watu wa Karibi wakaingia, wengine wakawa marubani. Wa kwetu wengi walibaki kwenye King's African Rifles, jeshi la kikoloni la askari wa miguu, wakitembea mpaka Burma. Kwa hiyo mkiwapeleka vijana Nakuru, waambieni na hili, wajue kwamba kiti wanachokalia leo babu zao walikuwa hawaruhusiwi hata kukiombea.

Sasa turudi kwetu na kwa sasa. Machi 5, 2024, asubuhi, juu ya Mbuga ya Nairobi, ndege ndogo ya mafunzo aina ya Cessna 172 iligongana na ndege ya abiria aina ya Dash 8 iliyokuwa imetoka Uwanja wa Wilson ikielekea Diani. Dash 8 ilikuwa na watu 44, ikarudi na kutua salama. Mwanafunzi na mkufunzi wake waliokuwa kwenye Cessna walikufa. Sisemi nani alikosea. Hiyo ni kazi ya wachunguzi, na familia bado zina majeraha. Nasema tu hivi: soma tena ajali ya Roxholme, kisha soma ya Nairobi. Katikati yake kuna miaka 82, kuna rada, kuna redio, kuna vifaa vinavyoonyana vyenyewe. Na bado chombo cha mafunzo na chombo chenye kasi vimekutana jirani na uwanja wenye shughuli nyingi. Ndiyo maana nasema kisa cha Magee ni cha darasani zaidi kuliko cha ukutani.

Kwa upande wa raia, dunia imepiga hatua. Mkataba wa Chicago wa Desemba 1944, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga wa kiraia, uliosainiwa vita vikiwa havijaisha, ndio uliozaa taratibu tunazofuata, na Kiambatisho chake cha 13 kinasema wazi kwamba uchunguzi unafanywa ili ajali isijirudie, haufanywi kugawa lawama. Taarifa ya awali ndani ya siku 30, ya mwisho ndani ya miezi 12 ikiwezekana. "Ikiwezekana" hiyo imekuwa pango la kujifichia. Wakuu wa mamlaka, mnajua taarifa ngapi zimekaa kwenye droo zenu. Mimi najua kwamba fundi kijana anayetaka kujifunza kutokana na ajali za hapa hapa nyumbani huishia kusoma za Marekani na Uingereza, kwa sababu za huko ziko kwenye mtandao na zetu hazipatikani.

Kwa upande wa majeshi, mkataba ule hauwagusi. Ndege za kijeshi hazimo. Nanyi wakuu wa majeshi ya anga mmeutumia mwanya huo mpaka umekuwa mlango. Ndege ya mafunzo ikianguka, tunapata taarifa ya sentensi nne: ilikuwa katika mazoezi ya kawaida, marubani wamefariki, familia zimejulishwa, tume imeundwa. Kisha kimya. Tume ikimaliza, kama imemaliza, haitupi hata ukurasa mmoja. Siombi siri za rada wala silaha. Mzazi aliyemtoa mwanawe kwenu akiwa na cheti cha kidato cha nne na viatu vipya ana haki ya kujua kama ilikuwa ni wingu, injini, au ratiba iliyobana. Mkulima wa Roxholme aliulizwa alichokiona, katikati ya vita, Ujerumani ikiwa ng'ambo ya bahari, na alichosema kinajulikana mpaka leo. Sisi tuko kwenye amani, na tunashindwa hapo?

Mwaka 2012 helikopta tatu za kijeshi za Uganda zilianguka Mlima Kenya zikiwa njiani kwenda Somalia, wakafa watu saba. Haikuwa safari ya mafunzo, lakini mlima ni ule ule waliouzunguka vijana wa Nanyuki miaka 70 kabla, wenye mita 5,199 na mawingu yanayokusanyika adhuhuri bila kuuliza. Kungekuwa na desturi ya kufundishia ajali za zamani za eneo hili, jina la mlima huo lingekuwa la kwanza kwenye orodha ya kila anayepanga njia.

Najua baadhi yenu mtasema kumwambia mwanafunzi habari za vifo siku ya kwanza ni kumtia hofu. Niliwahi kumsikia mkufunzi mmoja akisema hivyo, na ni mtu ninayemheshimu. Lakini mwanafunzi anayeogopa kidogo hukagua mafuta kwa kijiti hata kama kipimo kinaonyesha tangi limejaa. Hutazama kushoto, kulia na juu kabla ya kugeuza ndege. Hukataa kuondoka wingu likiwa chini. Ninaowaogopa mimi ni wale wanaokuja hangaani wakiimba shairi, funguo zinazunguka kidoleni, na kuniambia "fundi, iko sawa tu, twende."

Kwa hiyo, waheshimiwa, haya ndiyo ninayoyaomba. Vyuo vichapishe karatasi moja kwa Kiswahili na Kiingereza, yenye majina mawili, Magee na Griffin, saa, urefu wa wingu na jinsi ndege zile zilivyokutana, itundikwe pembeni ya shairi kwa ukubwa ule ule wa herufi. Kabla ya mwanafunzi kuruka peke yake kwa mara ya kwanza, aieleze ajali hiyo mbele ya mkufunzi kwa maneno yake, na aseme yeye angefanya nini akiwa kwenye Oxford. Mamlaka zitoe taarifa za ajali za mafunzo zilizokwisha kamilika, ziwekwe mahali ambapo mtu yeyote mwenye simu atazisoma. Majeshi yatoe muhtasari usio na siri. Na makumbusho, serikali za kaunti na tume ya makaburi wakubaliane juu ya kibao kimoja Nakuru na kimoja Nanyuki, kinachoeleza kwamba hapa palikuwa na shule ya wanaanga na kwamba waliolala hapa wengine walikuwa bado wanafunzi.

Gharama kubwa kuliko zote hapo ni kibao, na hata hicho chuma chakavu kipo tele kwenye uwanja wa nyuma wa hangaa yoyote. Mkikubali la Nakuru, mimi nitajitolea kwenda na kundi la kwanza kuwaeleza Blenheim ilivyojengwa. Basi la chuo huondoka Wilson saa kumi na mbili asubuhi na jioni mmerudi. Mnijulishe tarehe mapema, maana goti langu siku hizi linataka maandalizi.

Wenu katika kazi,
Fundi wa ndege mstaafu,
Nairobi